Filamu ya zamani ikirudiwa, tuulize kwanza wapenzi wanatenganishwa na nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala mliyoichapisha wiki iliyopita katika ukurasa wa burudani, ambamo mwandishi wenu alidai kwamba filamu za zamani za mapenzi ya vijana zinapotengenezwa upya huwa ni dalili ya kuishiwa mawazo, akaitolea mfano West Side Story ya mwaka 2021, filamu ya nyimbo kuhusu wapenzi wawili wa magenge hasimu ya New York, kuwa ni fedha nyingi zilizotumika kusimulia jambo ambalo kila mtu analijua. Nasaidia kikundi cha vijana wanaojifunza kuigiza na kuandika filamu hapa Kirumba, Mwanza, na makala ile ilisomwa kwa sauti mbele yao. Siwezi kuiacha ipite, kwa sababu inawaambia vijana hao kwamba hadithi iliyokwisha kusimuliwa haina tena la kumpa msimuliaji mwingine.

Kwanza, filamu ya mwaka 1961 ambayo mwandishi wenu anaisifu, na ambayo kweli ilizoa tuzo 10 za Oscar, nayo ni hadithi iliyorudiwa. Ilitokana na mchezo wa jukwaani ulioonyeshwa New York mwaka 1957, na mchezo huo ulitokana na Romeo na Juliet wa Shakespeare, ambaye naye aliichukua hadithi yake katika shairi lililochapishwa mwaka 1562. Anayekataa hadithi isirudiwe atalazimika kuikataa na hiyo anayoipenda. Swali linalofaa ni lile ambalo makala haikuliuliza: katika simulizi hili jipya, ni kitu gani hasa kinachowatenganisha wapenzi hawa wawili, na je, kitu hicho kina uzito katika maisha ya watu?

Nikipima kwa kipimo hicho, naona Steven Spielberg, mwongozaji wa filamu ya 2021, alikuwa na sababu nzito ya kuirudia. Sehemu ya mwanzo ya filamu ya 1961, ile ambayo vijana wa genge la Jets, ambao ni Wazungu, na wa Sharks, waliotoka kisiwa cha Puerto Rico, wanakimbizana na kucheza barabarani, ilipigwa katika mitaa ya magharibi mwa Manhattan iliyokuwa imepangiwa kubomolewa ili kupisha majumba ya sanaa ya Lincoln Center. Maelfu ya familia za kipato cha chini, wakiwemo Wapuerto Rico na Wamarekani weusi, waliondolewa katika eneo hilo. Filamu iliitumia mitaa yao kama mandhari, lakini haikusema lolote kuhusu kuondolewa kwao. Spielberg na mwandishi wake wa mswada, Tony Kushner, walianzia hapo hapo palipoachwa: kamera inapita juu ya vifusi, inaonyesha bango la mradi mpya, na vijana wa Jets wanachomoza ndani ya kifusi. Kuanzia dakika hiyo mtazamaji anajua kwamba magenge yote mawili yanapigania mtaa ambao hautakuwa wa yeyote kati yao. Ugomvi ambao zamani ulionekana kama ukorofi wa ujana sasa una chanzo, na mapenzi ya Tony wa upande wa Jets na Maria wa upande wa Sharks yanaumiza zaidi kwa kuwa hata wangesamehewa na ndugu zao, wasingekuwa na pa kuishi. Mkaazi wa mlimani Mabatini au Igogo hahitaji kufafanuliwa jambo hilo, wala aliyekuwa machinga pale Makoroboi wakati wafanyabiashara wadogo walipoondolewa barabarani, mwaka ule ule wa 2021.

La pili ni waigizaji. Mwaka 1961 Maria aliigizwa na Natalie Wood, ambaye hakuwa Mpuerto Rico, na nyimbo zake ziliimbwa na Marni Nixon nyuma ya pazia. Rita Moreno, ambaye ndiye Mpuerto Rico halisi aliyepewa nafasi kubwa na akapata Oscar kwa uhusika wa Anita, mpenzi wa kaka yake Maria, alipakwa rangi ya kumtia weusi zaidi usoni. Mwaka 2021 nafasi ya Maria alipewa Rachel Zegler, binti aliyechaguliwa akiwa na miaka 17, ambaye mama yake ana asili ya Colombia, na anaimba kwa sauti yake mwenyewe. Ariana DeBose alipata Oscar kwa uhusika ule ule wa Anita. Moreno naye alirudi kama bibi mwenye duka, akaimba peke yake wimbo wa Somewhere (Mahali Fulani) ambao zamani uliimbwa na wapenzi wawili, katika filamu iliyotoka Marekani siku moja kabla hajatimiza miaka 90. Mwandishi wenu anauita uamuzi huo mapambo ya kuwafurahisha wazee. Mimi naona ndio moyo wa filamu yote, kwa kuwa mwanamke yule ameyaona ya zamani na ya sasa, na ana haki ya kuuliza kama kuna mahali ambapo vijana hawa wangeachwa wapendane.

Tulipoionyesha kwa projekta kikundini, nilikuwa nikiwatazama vijana zaidi ya kuitazama picha. Katika maongezi ya nyumbani kwa Anita wahusika wanachanganya Kiingereza na Kihispania, na Spielberg alikataa kuweka maandishi ya tafsiri chini ya Kihispania. Vijana wetu wamezoea filamu za vibanda umiza, zenye mtafsiri anayezungumza juu ya kila sentensi, nikadhani watachoka. Hawakuchoka. Waliufuata mkono wa Anita uliokuwa ukiashiria, na sura ya Bernardo, kaka yake Maria, aliyekuwa akisusa, na binti mmoja akasema kwa sauti kwamba hivyo ndivyo mama yake anavyogombana na kaka yake nyumbani, huyu kwa Kikerewe na yule kwa Kiswahili. Baadaye, katika wimbo wa usiku kwenye ngazi za chuma za nje ya jengo, Tony anapanda na kukuta wavu wa chuma umefungwa kati yake na Maria, wakawa wanashikana vidole katika matundu. Hakuna aliyesogeza kiti chake.

Ni kweli kwamba filamu hiyo haikurudisha fedha zake. Iligharimu takriban dola milioni 100 na mapato yake yalikuwa chini ya hapo, tena katika msimu wa korona. Lakini mauzo ya tiketi ni jambo moja na thamani ya kazi ni jambo jingine. Mwandishi wenu angetafuta mfano wa urudiaji mtupu, angeupata mwaka huo huo katika He's All That, iliyogeuza filamu ya mwaka 1999 kwa kumpa msichana nafasi ya mvulana katika dau lile lile la kumpendezesha asiyependeza. Kinachowatenganisha wapenzi humo ni dau hilo na idadi ya wafuasi mtandaoni, na kikishaondolewa hakuna kilichobaki cha kuhuzunikia.

Hofu yangu kubwa ni juu ya watengenezaji wetu. Wengi wanaporudia hadithi za nje huchukua sebule, gari na nguo, kisha kizuizi kati ya wapenzi kinabaki kuwa mama mkwe mwenye roho mbaya. Kanda yetu hii ya Ziwa ina vizuizi vya kweli. Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14, na baba yake amekwisha kumpangia mume. Nasi tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, hadi Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliposema kwamba ruhusa hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Au chukua kijana anayevua dagaa kwa taa katika mtumbwi wa tajiri, akampenda binti wa tajiri huyo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika ufukweni, kwa hiyo wapenzi hawa wangeweza kuonana usiku wa mwezi mkubwa tu, ambapo kila mtu anawaona. Juliet alimkataza Romeo asiape kwa mwezi kwa sababu hubadilika kila mara. Kwa mvuvi wa Igombe au Kayenze, mwezi huo ndio kalenda ya kazi, na ndio pia unaompa na kumnyang'anya mpenzi wake. Mswada wa namna hiyo hauhitaji jumba la kukodi.

Namwomba mwandishi wenu aitazame tena filamu ya 2021 bila kuziruka dakika za mwanzo, kisha aandike kama bado anaona haikuwa na jipya. Nasi huku tunaandika mswada wetu juu ya wapenzi wa ufukweni, na akifika Mwanza tutamkaribisha akae katika mazoezi, atusikilize na atukosoe.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza