Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Babu anauliza ampeleke wapi mjukuu wake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA IBARA YA 41(7) YA KATIBA, INAYOIZUIA MAHAKAMA KUCHUNGUZA KUCHAGULIWA KWA RAIS

Mheshimiwa Waziri, husika na somo tajwa hapo juu.

Nakuandikia kutoka Mpunguzi, kandokando ya barabara ya Iringa, hapa hapa Dodoma. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Uraia shule ya msingi kwa miaka mingi, na sasa nalima zabibu. Ningeweza kupanda daladala nije hadi Mtumba nikuone, lakini nimeona niandike barua ya wazi kwa sababu swali nililobeba si langu peke yangu. Lilitoka kwenye kibaraza cha duka, mbele ya majirani wasiopungua kumi, na majirani hao bado wananidai jibu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2025. Intaneti ilikuwa imezimwa tangu siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba, kwa hiyo simu zetu zilikuwa za kuangalizia saa tu. Mwenye duka akatoa redio yake, ile ambayo betri zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, akaiweka juu ya gunia la mtama. Tukasikiliza. Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Jacobs Mwambegele, akamtangaza Dkt. Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa asilimia 97.66 ya kura. Waliojitokeza wakatajwa kuwa kama asilimia 87 ya walioandikishwa.

Naomba nikueleze nilichokiona baada ya hapo, maana ofisini kwako huenda yanafika makaratasi na nyuso hazifiki. Kuna mzee wetu mmoja, kijiji kizima kinamwita Babu, mwanachama wa chama tawala tangu enzi za TANU. Alivua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Mungu ni mwema." Wino ulikuwa bado haujamtoka kidoleni. Mama anayeuza chakula pembeni aliendelea kukoroga mlenda wake bila kugeuza shingo. Vijana wawili wa bodaboda wakatazamana. Mmoja akapiga kiki pikipiki yake na kuondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni zito: huku hata unayemdai unamsalimia "mbukwa" kwanza. Yule wa pili akabaki, kwa kuwa ni mjukuu wa Babu huyo huyo.

Ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa, "Babu, shikamoo yako iko palepale, lakini mwaka 2020 tuliambiwa waliopiga kura ni nusu. Leo tunaambiwa karibu tisa kati ya kumi. Mimi foleni hiyo sijaiona."

"Hukuiona kwa sababu hukwenda," Babu akamjibu.

"Ningekwenda kumchagua nani, Babu? Niliyemtaka hakuwemo kwenye karatasi."

Hilo la mwisho sote tulilijua. CHADEMA haikuwa na mgombea, na mgombea wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Hakuna aliyelijibu. Babu hakumkaripia mjukuu wake. Alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu ana mashaka. Mimi sina. Nimpeleke wapi akaonyeshwe?"

Mheshimiwa, nilikwenda nyumbani nikachukua Katiba yangu, ile niliyokuwa nikifundishia, jalada lake limeshikiliwa na gundi. Nikawasomea Ibara ya 41, ibara ndogo ya 7: mgombea akishatangazwa na Tume kwamba amechaguliwa kuwa Rais, "hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake." Babu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Hata mimi ambaye nimeshinda?" Nikamwambia hata wewe, Babu. Akaichukua kofia yake, hakuivaa, akaenda nayo mkononi.

Tangu siku hiyo sijatulia.

Miaka yote kifungu hiki kimezungumzwa kama kero ya walioshindwa. Wapinzani wanakilalamikia, wenye madaraka wanakitetea, na sisi wa katikati tunaona ni ugomvi wao. Siku ile nilimwona mtu aliyeshinda akidhulumiwa nacho. Babu alimpigia kura mgombea wake kwa moyo mweupe na ana imani naye. Anachokosa ni mahali pa kuifikisha imani yake ikathibitishwa na mtu asiye upande wake wala upande wa mjukuu wake. Kwa hiyo nyumba moja imebaki na watu wawili wanaokula sahani moja, kila mmoja na matokeo yake kichwani, na hakuna wa kuwaamua.

Nikupe mfano wa huku shambani. Zabibu tunauza kwa kilo, na mizani inakuja na mnunuzi. Msimu mmoja nilipakia kreti zangu, sindano ya mizani ikasimama chini ya nilipotegemea. Nikamwambia mnunuzi, ndugu yangu, naomba tukapime tena kwenye mizani ya mashine ya kusaga. Wengine wakaguna wakiona namvunjia heshima. Yeye akakubali, tukabeba kreti tatu mpaka mashineni. Kilo zikatoka zilezile. Mizani yake ilikuwa sahihi, macho yangu ndiyo yaliyodanganya. Mpaka leo mtu huyo ndiye ninayemuuzia, na akija hata simsimamii anapopima. Angekataa siku ile, ningeuza kwake kwa shida tu, na mtaani ningemsema. Hiyo mizani ya pili ilimjenga yeye kuliko ilivyonisaidia mimi.

Kwa nini urais hauna mashine ya pili?

Nilipokuwa nafundisha Uraia, kulikuwa na swali ambalo wanafunzi hawakukosa kuliuliza. Mpiga kura wa huku bara anapewa karatasi tatu siku ile ile: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Anaingia kwenye kituriri kimoja, na kura zote tatu zinahesabiwa usiku ule ule na watu wale wale, mara nyingi kwa mwanga wa taa ile ile. Kura ya diwani ikiwa na walakini, mahakama ipo. Ya mbunge, mahakama ipo. Ya Rais, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, mlango umefungwa. Watoto wa darasa la sita walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, kwa nini?" Nami nilikuwa nawaambia mtaelewa mkikua. Leo nalionea haya jibu lile, kwa kuwa wamekua na hawajaelewa, na mimi pia sijaelewa.

Si kwamba mahakama zetu hazina uzoefu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema kule Arusha Mjini mwezi wa Aprili, na Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Waliofurahi Aprili walihuzunika Desemba, na waliohuzunika wakafurahi, lakini pande zote mbili zilisomewa sababu. Arusha ikaendelea na biashara zake. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilikwishafuta sharti la mlalamikaji wa uchaguzi wa ubunge kuweka dhamana ya shilingi milioni 5, kwa sababu lilimfungia maskini mlango wa haki. Yaani majaji wetu walikataa mlango usifungwe hata kwa fedha. Huu wa urais umefungwa kwa Katiba yenyewe, na majaji hawana ufunguo wake. Ufunguo uko kwako na kwa Bunge.

Najua hoja utakayopewa na washauri wako, kwamba urais ukiingia mahakamani nchi itayumba, itakaa bila kiongozi, watu watapigana. Niruhusu niseme wazi: mwaka 2025 mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa, na watu walikufa. Rais mwenyewe aligusia vifo hivyo alipokuwa akizindua Bunge hapa Dodoma tarehe 14 Novemba. Sidai kwamba kifungu kimoja cha Katiba ndicho kilichowaua. Nasema kufunga mahakama hakukutuletea utulivu tulioahidiwa. Mtu mwenye hasira ukimwambia nenda kwa jaji, anaweza kwenda au asiende. Ukimwambia hakuna jaji, umemwachia barabara.

Na nchi haihitaji kukaa muda mrefu ikisubiri. Kenya wanatoa siku 7 za kufungua shauri na siku 14 za kulimaliza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu yao ilifuta uchaguzi, ukarudiwa. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyo hiyo ikathibitisha ushindi wa William Ruto, na aliyeshindwa akaambiwa hoja moja baada ya nyingine kwa nini ameshindwa. Malawi wao walifuta uchaguzi wa 2019 na kuurudia Juni 2020. Ghana, mwaka 2013 na 2021, mahakama ilisikiliza na kumwacha mshindi mahali pake. Utaona kuwa mara nyingi aliyetangazwa ndiye anayebaki, ila anabaki akiwa amepimwa mara ya pili. Kwetu, Ibara ya 42 inataka Rais mteule ashike madaraka kabla ya kupita siku 7 tangu atangazwe, kwa hiyo nayo itabidi iguswe ili muda wa shauri upatikane. Wanasheria wako wanaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Wala ombi langu si jipya. Tarehe 15 Julai 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha kwetu wenyewe, iliamua kwamba kifungu hiki kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo, na ikaitaka Tanzania iirekebishe Katiba. Chaguzi mbili za Rais zimepita tangu hukumu ile na kifungu kipo palepale.

Na kuna linaloniuma zaidi kwa kuwa lilifanyika hapa nyumbani. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilikaa Dodoma miezi kadhaa. Nyumba za wageni zilijaa, na sisi tuliuza matunda yetu vizuri kweli. Katiba Inayopendekezwa waliyoipitisha, iliyokabidhiwa kwa Rais Kikwete tarehe 8 Oktoba kwenye uwanja wa Jamhuri, ilikubali kwamba matokeo ya Rais yanaweza kupingwa mahakamani. Mambo mengine ndani yake yaligombaniwa sana, hata wajumbe wengine wakatoka nje, lakini hilo waliliafiki. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo haijapigwa. Maana yake ni kwamba chama kinachotawala kilikwishakubali, kwa kura, katika mji huu, kwamba Rais anaweza kupimwa na mahakama. Simwelewi anayeniambia leo kwamba jambo hilo ni la hatari.

Wakati wa kampeni tuliahidiwa kwamba mchakato wa Katiba mpya utafufuliwa. Nauunga mkono, ila nimeshaona mchakato mmoja ukizeeka kabatini, na Babu naye anazeeka. Ninachokuomba hakihitaji kusubiri kitabu kizima. Peleka bungeni muswada wa kufuta ibara ndogo hiyo moja, ukiutaja muda wa kufungua shauri na muda wa hukumu. Theluthi mbili ya wabunge inayotakiwa unayo, pengine kuliko waziri yeyote aliyekutangulia kwenye kiti hicho, kwa kuwa karibu viti vyote ni vya chama chako. Hakuna atakayesema mmelazimishwa. Mtakuwa mmefungua mlango mkiwa ndani ya nyumba, tena mkiwa na nguvu.

Sikuombi uniambie kwamba 97.66 ni kweli au si kweli. Wewe si mizani, na mimi pia si mizani. Babu anaamini, mjukuu wake haamini, na mimi nimefundisha watoto wa pande zote mbili na siwezi kumwambia mmoja wao kwamba ni mjinga. Kijana yule aliyeondoka bila kuaga alirudi baada ya wiki, akasalimia watu wote isipokuwa Babu. Babu aliona. Tulikuwa wote tumekaa pale, na kila mtu akajifanya anatazama barabarani.

Msimu wa zabibu ukifika, Babu na mjukuu wake hufanya kazi pamoja kwenye shamba langu. Mjukuu hukata vichala, Babu huvipanga kwenye kreti, maana mikono yake bado ina utaratibu. Siku hizi wanazungumza habari za mvua tu.

Ukinijibu, Mheshimiwa, naomba jibu lako lisomwe pia redioni. Macho ya Babu hayasomi tena magazeti, na sitaki mimi ndiye niwe wa kumsomea mara nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.