Chukua kazi, lakini gari kwanza

Mwende wangu,

Habari za siku nyingi? Meseji yako niliiona jana usiku nikiwa kazini nikasema hii haijibiwi na maneno mawili. Unauliza uchukue hiyo kazi ya Davidson, huku Kanada, ama ungojee kitu jijini Saskatoon. Chukua. Lakini tafuta gari kwanza.

Unajua vile Mtito Andei iko, Nairobi huku Mombasa kule, watu wanashuka wanaenda choo wanakula kitu wanarudi kwa basi? Davidson ndio hivyo, Saskatoon iko kaskazini, Regina kusini, zaidi ya saa moja kila upande kwa barabara namba 11, na watu wa mji wote ni kama elfu moja. Hapo barabarani kuna birika kubwa la kahawa, karibu mita 7 kwenda juu, limewekwa kukaribisha wasafiri, wanapiga picha wanaenda zao, mji wenyewe hawauoni. Na ni mji mzuri jamani! Julai mashamba ya kanola, ule mmea wa mafuta ya kupikia, yanachanua manjano mpaka macho yanachoka, halafu kuna ngano, kuna kamande, hizo kamande za Kanada karibu zote zinatoka mkoa huu wa Saskatchewan.

Sasa shida. Zamani basi la serikali ya mkoa lilikuwa linaunganisha hii miji midogo, 2017 wakafunga kampuni nzima, kwa hivyo mtu bila gari hapa anakaa tu akiomba lifti, hata kama ni kuona daktari wa macho Saskatoon. Hilo linaniuma sana, hasa nikiona wazee. Ukinunua gari angalia mbele kama kuna waya wa plagi unaning'inia, huo unachomeka kwa stima usiku ndio injini isigande, Januari inafika -30 na bila huo waya asubuhi gari haliwaki, na hapo ndio unatakiwa kazini saa moja.

Kupigia mama simu usiwe na wasiwasi, huku saa hazibadilishwi, Kenya iko mbele masaa 9 mwaka mzima.

Nyumba wasikuharakishe kusaini kabla hujaiona, nitaenda mimi niangalie hita na madirisha. Niambie ndege inatua Regina ama Saskatoon nipange ofu, nitakuja kukuchukua, na koti zito niko nalo la ziada, usinunue huko.

Wako,
Mueni