Malalamiko: kioo cha oveni mlichoniuzia sicho

Kwa Meneja,

Asalaam aleikum. Naandika kwa heshima lakini nimejaa, wallahi nimejaa. Risiti yenu imeandikwa "borosiliketi, digrii 500", yaani kile kioo maalum cha kustahimili moto mkali, picha yake hii hapa. Oveni yangu ya pizza huku Kisauni haifiki hata 400, na kioo kikapasuka Ijumaa usiku mlango umefungwa, hakuna aliyekigusa, punje zikamwagika mpaka kwenye pizza za watu, na kijana wangu wa motoni shukuru Mungu alikuwa ameinama pembeni.

Nikavileta vile vipande kwenye kaunta yenu. Kijana wenu hata kuvishika hakuvishika, alivisukuma na kalamu kama uchafu, akasema "mama, utakuwa umemwagia maji baridi, kioo chetu hakina shida". Na duka limejaa watu.

Maji gani na mlango umefungwa? Nyinyi ndio wenye biashara ya vioo, mwajua borosiliketi ikivunjika yatoa vipande virefu vyenye makali. Hivi ni punje ndogo ndogo, na ukivitazama ubavuni ni kijani, hiki ni kioo cha kawaida kilichofanywa tempa basi, yaani kilichochomwa kikapozwa ghafla kiwe kigumu. Tempa nguvu yake yote ni ule mkazo uliotiwa kiwandani, kazi yake ya kila siku ni mpaka kama digrii 250, ukipita hapo mkazo waanza kulegea kidogo kidogo. Tena chapanuka kwa joto karibu mara tatu ya borosiliketi, katikati kumeiva, pembeni kwenye fremu bado kumepoa, ukingo wavutwa mpaka wapasuka. Borosiliketi ya kweli yakaa kwenye 450 muda mrefu bila neno.

Na siku ya kununua nilimuuliza huyo huyo, hiki tempa ama borosiliketi, nikamwambia na moto wa oveni yangu, akaniapia!

Narudia kwa sababu haijanitoka rohoni. Alivisukuma na kalamu, akamtazama mwenzake wakacheka, halafu akaniambia nisogee wateja wahudumiwe. Wateja! Kwani mie nilikuja kuomba?

Nilipoanza kuandika nilitaka pesa yangu tu. Sasa naona haitoshi. Nataka borosiliketi yenyewe, ije na karatasi ya kiwanda, fundi wenu aifunge, mlipe unga na chizi niliyotupa na siku zote oveni imezima, na huyo kijana aniombe radhi pale pale kaunta watu wakisikia.

Mkinyamaza mpaka Ijumaa ijayo naenda mahakama ya madai madogo, wao husikiliza mpaka shilingi milioni 1, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa yenye ubora na maelezo ya kweli. KEBS, wale wa kukagua ubora wa bidhaa, nawapelekea punje zenyewe pamoja na risiti yenu. Nambari yangu ya simu mnayo kwenye hiyo risiti, pigeni.