Nauhitaji mgongo wako mwezi wa Oktoba

Aurora, Colorado
Agosti

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima. Watoto wamerudi shule na mama yao anakusalimu sana.

Lile jambo nililokudokezea kwenye simu limetimia. Aprili niliomba kwenye bahati nasibu ya vibali vya jimbo, nimepata: elki jike mmoja (elki ni kama kulungu, ila mkubwa sana), msimu wa pili wa bunduki, mwisho wa Oktoba. Kozi ya uwindaji nimeshaimaliza, maana hapa Colorado aliyezaliwa mwaka 1949 au baadaye hauziwi kibali bila cheti hicho. Mahali penyewe ni Flat Tops, ndani ya msitu wa White River.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nataka uisome polepole kabla hujanijibu. Nakuomba uje. Hutakuwa na kibali, kwa hiyo bunduki hutaishika. Nakuomba uje tubebe.

Elki jike ana uzito wa ng'ombe wetu wa kienyeji, kilo 200 na ushei. Ukishaondoa mifupa unabaki na nyama kilo 70 au 80. Sasa Flat Tops inalindwa na sheria ya pori ya mwaka 1964: gari haliingii, pikipiki haiingii, baiskeli haiingii, hata toroli ni marufuku. Ni miguu yako au farasi, na farasi sina. Tuseme tumempata kilomita 4 kutoka kwenye gari. Tukiwa wawili, kila mtu kilo 20, ni safari mbili: unabeba kilomita 4, unarudi mikono mitupu 4, unabeba tena 4. Hizo 12, na hema bado liko kule juu. Nikiwa peke yangu zinafika 28, na nyama inalala porini. Ndiyo maana nimeweka mpaka: kilomita 4, basi. Hata tukiwaona wamejaa ng'ambo ya bonde, tutawatazama tu. Kuacha nyama ioze ni kosa la jinai huku, lakini hata pasingekuwa na sheria, roho yangu isingekubali kumuua mnyama mkubwa namna ile halafu nusu yake niwaachie kunguru.

Julai nilikwenda kupatazama. Nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie: niliondoka nyumbani asubuhi, jioni hiyo hiyo nikalala kwenye mita 3,200. Usiku kichwa kilinipasuka, nikatapika, nikakesha nimekaa. Wewe huko Columbus uko chini sana kuliko huku, kwa hiyo njoo siku tatu kabla. Ukae kwangu kwanza, mwili uzoee, unywe maji mengi.

Kulipokucha nikashuka kwenye kichaka cha miti ya aspeni. Magome yake ni meupe, ila kuanzia magotini hadi kifuani yana makovu meusi, mahali elki walipoyatafuna wakati wa baridi. Nyasi zilikuwa zimelala kwa umbo la miili yao. Nikainama nikagusa, bado kuna joto, na harufu ni ya zizi kabisa. Nikatoa kichupa changu cha poda ya kupimia upepo, nikakibinya. Poda ikaning'inia kidogo, kisha ikateremka polepole kuelekea bondeni. Nilimkumbuka mzee wako kule Tongoni, alivyokuwa akienda baharini alfajiri na umande, ule upepo wa kutoka nchi kavu, na kurudi na upepo wa mchana. Mlima nao una umande wake, Hamisi: kabla ya jua hewa baridi inashuka, jua likichoma inapanda, jioni inashuka tena. Elki akikunusa, umemkosa. Kwa hiyo alfajiri tutakuwa chini yao, na jua likishapanda tutazunguka tuwe juu.

Kuhusu kuchinja, najua utauliza. Nilimwuliza sheikh wetu. Unataja jina la Mungu unapofyatua. Ukimkuta bado ana uhai unamchinja. Ukimkuta amekufa kwa jeraha lile, ni halali. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya shabaha kila Jumamosi, nimekaa chini, siyo kwenye meza, na zaidi ya mita 200 sitapiga. Nataka risasi moja, nyuma ya bega, kwenye mapafu.

Akishaanguka tusipoteze muda, kwa sababu joto la mwili ndilo linaloharibu nyama, hasa pajani karibu na mfupa. Tutamchuna upande mmoja, tutoe mkono, paja, nyama ya mgongo na ya shingo, tumgeuze, kisha sarara tuzitoe nyuma ya mbavu bila kupasua tumbo. Kila kipande kinaingia kwenye mfuko wa kitambaa kinachopitisha hewa na kutundikwa kivulini. Paja moja tuliachie alama ya kuonyesha ni jike, askari wa wanyamapori akitusimamisha aione. Kichwa nacho tutakibeba kikapimwe: kuna ugonjwa wa ubongo unaowapata elki na kulungu wa huku, unaitwa CWD, na mimi sipiki chochote mpaka majibu yatoke.

Hema na begi la kubebea ninavyo vya kukutosha. Wewe nunua viatu sasa hivi, uvivae kila siku vikuzoee. Usije na nguo za pamba, zikilowa theluji zitakugandisha. Fulana na kofia ya rangi ya chungwa nitakupa, uvae ingawa huwindi. Milimani kutakuwa na bunduki nyingi. Na jioni, tafadhali, tia kilo 20 za mchele begani upande ngazi za jengo lenu. Anza na dakika 20.

Mwombe bosi wako wiki moja kamili, maana theluji ikituzuia siku mbili sitaki tuharakishe kushuka. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ukishindwa, niambie wazi, nitafute mwenzangu mwingine. Peke yangu sipandi.

Msalimie shemeji. Mwambie sehemu yake ni sarara.

Wako,
Bakari