Kwa mzee wa kwenye basi, Milwaukee, Marekani

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Jumamosi ile nilitoka kwenye makumbusho ya sanamu za kutikisa kichwa (vidoli vyenye kichwa juu ya springi), yale yaliyofunguliwa hapa Milwaukee mwaka 2019, nimekumbatia boksi langu. Ndani alikuwemo Willie Mays, nyota wa besiboli, ile sanamu ya 1999 ambayo timu yake ya zamani, San Francisco Giants, iliwagawia mashabiki uwanjani. Nimeitafuta miaka sita.

Basi likafunga breki, boksi likaniponyoka. Kichwa huku, kiwiliwili kule, springi inaning'inia kama utumbo wa kuku.

Watu walicheka (na kweli inachekesha, mtu mzima kutaka kulia kwa ajili ya kidoli). Wewe ukasema, "Pole, mwanangu," kwa Kiswahili cha Kongo, nikabaki mdomo wazi. Ukavaa miwani, ukatoa gundi mfukoni mwa koti, ukatia tone moja shingoni, ukashikilia kimya vituo vinne. Kisha ukamgusa kidevu kwa kidole. Akaitikia! Ukashuka kabla sijapata la kusema.

Yuko kabatini sasa, shingo imepinda kidogo kushoto. Sitainyoosha. Popote ulipo, shikamoo mzee, na asante sana.