Shukrani kwa mzee wa nyayo, Rungwa

Nataka watu wajue alichonifanyia mzee mmoja mfuata nyayo, ambaye hapendi jina lake litajwe.

Ulikuwa msimu wangu wa kwanza kuongoza wageni wa uwindaji katika Pori la Akiba la Rungwa. Mgeni alifuata nyati, lakini kila tulipolikaribia kundi upepo uligeuka, likanusa harufu yetu, likatimka. Akanuna, chakula hali, na usiku akaniuliza mbele ya kambi nzima kama kweli kazi hii naiweza.

Mzee hakusema neno. Alfajiri alifunga majivu kwenye soksi kuukuu, akawa anaitikisa kila baada ya hatua chache. Vumbi likielekea kwa wanyama, tunazunguka. Alipokuta kinyesi alikipasua, akapima joto kwa kiganja ajue kama wamepita karibuni, kisha akamwita mgeni apime naye. Hapo ndipo mambo yalipobadilika! Mgeni akachuchumaa, akatazama kingo za unyayo ambazo bado hazijamomonyoka, akaanza kuuliza maswali. Mchana nyati walipolala kichakani, mzee alituketisha kivulini tungoje watoke kwenda malishoni. Jioni alitufikisha kwa dume mzee pembeni mwa kundi, askari wa wanyamapori akishuhudia kwamba kibali kimefuatwa.

Mgeni alipokuja kunipa mkono, nilimpeleka kwa mzee kwanza.

Mzee wangu, Mungu akuzidishie afya na macho. Nanyi waongozaji wenzangu, kabla bakshishi haijagawanywa, hakikisheni mgeni amemjua aliyesoma zile nyayo.