"Kocha, nifundishe ile ya macho tu"

Karibu kila mwezi anaingia mtu ukumbini kwetu, tunapofundisha ngumi na kujilinda, anasalimia, anavua viatu, na kabla hatujamuuliza jina anasema: "Kocha, mimi sitaki mambo mengi. Nifundishe ile ya macho tu." Wa mwisho alikuwa dada mmoja aliyeporwa mkoba na vijana wa pikipiki akitoka kazini. Alininyooshea vidole viwili, kama alivyoona kwenye filamu: vidole vinaingia, jambazi linaanguka, mambo yameisha. Tulimpokea vizuri na bado yuko nasi. Ila kile alichokiomba hatukumfundisha kwa namna aliyoiomba, na kwa kuwa wengi wenu mnauliza hilohilo, leo nimekaa kulieleza.

Wazo hili ni la zamani sana. Vijana wanaocheza gemu wanalijua: dude kubwa halipenyeki kwa risasi wala panga, lakini lina jicho moja linalowaka, basi lenga hapo. Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, alishasimulia habari ya Polyphemus, jitu la jicho moja, ambalo shujaa Odysseus na wenzake walililewesha mvinyo, kisha wakalichoma jicho kwa kigingi cha mzeituni kilichotiwa moto nchani. Hapo ndipo wengi huishia kukumbuka. Lakini lile jitu halikufa! Lilikwenda likaketi mlangoni mwa pango, likawa linapapasa kondoo mmoja mmoja ili watu wasitoke, na walipofika majini likawarushia majabali ambayo yalikaribia kuipondaponda merikebu. Samsoni naye, Wafilisti walimng'oa macho wakampeleka Gaza kusaga nafaka gerezani, na ni akiwa kipofu ndipo alipoliangusha jengo zima juu yao. Na Waswahili wa Pwani, walipomsimulia Fumo Liyongo, shujaa asiyepenyeka, mahali pa kufia walimwekea kitovuni, pa kuchomwa sindano ya shaba. Kwa hiyo hata hadithi zenyewe, ukizisoma mpaka mwisho, hazisemi kwamba ukimpiga mtu jichoni umemmaliza.

Sasa tuje kwenye mapigano ya kweli. Wagiriki walikuwa na mchezo ulioitwa pankration, ngumi na mieleka kwa pamoja, ambao karibu kila kitu kiliruhusiwa, isipokuwa kuuma na kutia vidole machoni. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna kikombe cha udongo chenye umri wa karibu miaka 2,500. Kimechorwa wapiganaji wawili wamekumbatiana chini, mmoja amemtia mwenzake kidole jichoni, na pembeni mwamuzi ameinua fimbo kumchapa. Kila nikiitazama picha ile nauona ukumbi wetu. Marufuku ile haijawahi kuondoka. UFC, yale mashindano ya Marekani ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, ilipoanza mwaka 1993 ikijitangaza kuwa haina sheria, kutoboa macho kulikatazwa tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, tarehe 25 Oktoba 2025 huko Abu Dhabi, pambano la ubingwa wa uzito wa juu kati ya Tom Aspinall na Ciryl Gane lilivunjwa raundi ya kwanza bila mshindi, kwa sababu ya vidole vya Gane vilivyomwingia Aspinall machoni, akashindwa kuendelea. Watu walisafiri, walilipa, wakaondoka wakinung'unika. Mimi sikumlaumu Aspinall hata kidogo.

Sababu ni hii. Weka ngumi yako juu ya jicho, taratibu. Unaona inavyokwama kwenye nyusi na mfupa wa shavu? Mungu alilificha jicho ndani ya tundu la mfupa ambalo mdomo wake ni mdogo kuliko ngumi ya mtu mzima, kwa hiyo ngumi nyingi huchana ngozi na kuvimbisha, lakini jicho lenyewe hunusurika. Sasa weka kidole gumba. Kinaingia chote. Jicho lina upana wa milimita 24 hivi, na mfupa ulio chini yake, sakafu ya tundu lile, ni mwembamba usiofika milimita moja. Ndiyo maana ngumi nzito inaweza kuuvunja mfupa huo hata kama jicho halikupasuka, na mtu akaanza kuona vitu viwiliviwili.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu yalinikuta. Miaka mingi iliyopita, nikifanya mazoezi kwenye ukumbi mwingine, mwenzangu alivaa glovu kuukuu ambazo gumba lake lilikuwa linaning'inia, halikushonwa. Likaniingia jicho la kulia. Nilitokwa na machozi, nikacheka, nikamaliza raundi. Usiku ule, taa ikiwa imezimwa, niliona vimulimuli pembeni ya jicho. Kesho yake vidoa vyeusi kama inzi wadogo. Nikasema ni uchovu. Siku ya tatu giza likaanza kupanda kutoka chini kama pazia linalovutwa, na hapo ndipo nilipokimbilia hospitali. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ilikuwa imebanduka. Nilipasuliwa, nashukuru naona, lakini mpaka leo nikifumba jicho la kushoto, fremu ya mlango naiona imepinda katikati. Laiti ningekwenda usiku uleule wa vimulimuli. Sugar Ray Leonard, bondia wa Marekani, alipogundulika na tatizo hilo mwaka 1982, alikuwa bingwa wa dunia. Alifanyiwa upasuaji na mwaka uleule akatangaza kustaafu, ingawa baadaye alirudi ulingoni.

Kwa hiyo dada yetu tulimfundisha nini? Tulimfundisha kama swila. Nyoka yule akitaka kula, anauma. Mate yake ya sumu anayatema machoni pa anayemtisha, tena kwa shabaha, halafu anatokomea nyasini. Hakusudii kuua, anatafuta nafasi ya kukimbia. Jicho la binadamu likiguswa, au likihisi tu kwamba linakuja kuguswa, linafumba lenyewe, kichwa kinarudi nyuma, mikono inapanda usoni. Hata mbabe hawezi kujizuia. Hizo ni sekunde mbili tatu, na ndizo zako. Tunafundisha kiganja kilicho wazi, vidole vimelegea, mchapo mwepesi kuelekea uso, kisha miguu. Vidole viwili vilivyokakamaa vya kwenye filamu vinavunjikia kwenye paji la uso, maana kichwa cha mtu hakitulii kikusubiri. Na ukimtoboa mtu jicho wakati alikuwa amekwisha kukuachia, mahakamani utaulizwa, na itakuwa haki kuulizwa.

Zoezi lenyewe tunalifanya kwa kinga ya uso ya plastiki ngumu. Dada aliirudia ile hatua mara arobaini hivi Jumamosi ya kwanza: kiganja, geuka, mlango. Mwanzoni alikuwa anachapa halafu anasimama kutazama kama imempata mwenzake. Wengi hufanya hivyo. Wiki ya tatu alichapa akawa tayari yuko barazani, na mwenzake bado amefumba macho.

Na kwa wanaokuja kucheza ngumi, tafadhali msikasirike na masharti yetu. Glovu zote ni zile ambazo gumba limeshonwa kwenye kiganja. Ukija na zako tunazikagua kwanza. Miwani na lenzi unavua. Wenye miwani mikali ya kuonea mbali tunaomba mkapimwe retina hospitali kabla ya kuchapana na mwenzako, kwa sababu kwenu inabanduka kwa urahisi zaidi. Mazoezi ya begi na kamba mtaendelea nayo bila shida. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kupasuliwa jicho. Ukipigwa kidole, tunasimamisha raundi, hatusugui, hatuminyi, na ukiona vimulimuli, vidoa au pazia, au damu ikituama mbele ya mboni, unakwenda hospitali siku hiyohiyo na mmoja wetu anakusindikiza.

Darasa la kujilinda ni kila Jumamosi saa 3 asubuhi. Kinga za uso tunazo za kutosha. Njoo na taulo, maji ya kunywa, na viatu unavyovaa ukienda kazini, kwa sababu ndivyo utakavyokimbia navyo.